Programu huria haziulizi umri: nani anaweza kushiriki, na kwa njia gani?

Kama unasoma ukurasa huu kwa simu ya Android, ndani ya simu hiyo mna kazi iliyoanzwa na mwanafunzi mmoja wa Finland. Mwaka 1991 Linus Torvalds, akiwa na miaka 21 na akisoma Chuo Kikuu cha Helsinki, alitangaza kwamba anatengeneza kiini cha mfumo wa kompyuta, kazi ya kujifurahisha tu, akaomba watu wampe maoni. Kiini hicho kinaitwa Linux, na ndicho Android inachokitegemea hadi leo. Hakukifungia. Alikiacha wazi, na maelfu ya watu asiowajua wakakiongezea.

Programu za namna hiyo huitwa programu huria. Wasikilizaji wengi hudhani maana yake ni programu za bure. Si hivyo, na hapa Kiswahili kina bahati, kwa sababu kina maneno mawili pale ambapo Kiingereza kinalo moja. Kitu cha bure hakilipiwi. Kitu huria hakifungi mikono yako. Programu inaweza kuwa ya bure na bado mwenyewe akakukataza kuifungua uone inavyofanya kazi.

Fikiria mbegu ya mahindi ya kienyeji. Unaipanda utakavyo, unaichunguza, unamgawia jirani, na ukichagua magunzi bora msimu hadi msimu unapata mbegu inayolifaa shamba lako, nayo pia unaweza kuigawa. Hizo ndizo haki nne za programu huria: kuitumia kwa lolote, kuisoma ndani, kuisambaza, na kusambaza ile uliyoirekebisha. Aliyezipigania mwanzo ni Mmarekani Richard Stallman, aliyetangaza mradi wake wa GNU mwaka 1983. Programu zisizo huria zinafanana zaidi na mbegu ambayo kila msimu lazima urudi dukani.

Nazo hazipo kwenye simu tu. Takwimu za chanjo na wajawazito kutoka zahanati nyingi za Tanzania na Kenya hupitia mfumo huria uitwao DHIS2, unaosimamiwa kutoka Chuo Kikuu cha Oslo, Norway.

Kijana wa sekondari na mzee wa miaka 80

Watu wakisikia habari hizi hupata picha ya kijana wa mjini mwenye kompyuta mpya. Picha hiyo ina ukweli kiasi. Blake Ross wa Marekani alianza kuchangia kazi ya kivinjari cha Mozilla akiwa bado mwanafunzi wa sekondari, na Firefox, aliyokuwa mmoja wa waanzilishi wake, ilipotoka rasmi mwaka 2004 alikuwa na miaka 19. Ian Murdock alianzisha Debian mwaka 1993 akiwa na miaka 20.

Lakini mtazame Brian Kernighan. Mwaka 1977 yeye na wenzake wawili walitengeneza programu ndogo ya kuchambua maandishi, AWK, ambayo inatumika hadi sasa. Ilikuwa na kasoro moja: ilielewa vizuri herufi za Kiingereza tu, na lugha nyingi za dunia ziliipa shida. Mwaka 2022 Kernighan, akiwa na miaka 80, aliketi akairekebisha mwenyewe. Alipotaka kuikabidhi kazi hiyo alikwama kwenye chombo cha kisasa ambacho watengenezaji hutumia kupokezana kazi, na akasema wazi kwamba bado hajakielewa vizuri ingawa amesaidiwa. Tukumbuke kwamba ni mtu ambaye vitabu vyake vimefundisha vizazi vya watengenezaji programu.

Naona habari hiyo ina uzito kuliko ile ya vijana. Mzee alikuwa na ujuzi ambao vijana hawana, vijana walikuwa na chombo ambacho mzee hakukizoea, na kazi ikafika kwa sababu hakuna aliyemcheka.

Mfano mwingine uko karibu nasi zaidi. Mholanzi Bram Moolenaar, mtunzi wa programu ya kuandikia iitwayo Vim, alifanya kazi katika kituo cha watoto huko Kibaale, kusini mwa Uganda, mwaka 1994. Baadaye Vim ikawa inawaomba watumiaji wake kuwachangia watoto wa Uganda waliofiwa na wazazi kwa UKIMWI. Aliendelea kuitunza programu hiyo mpaka alipofariki mwaka 2023, akiwa na miaka 62.

Lazima ujue kuandika programu?

Hapana. Programu inahitaji pia mtu wa kuijaribu kwenye simu ya bei nafuu yenye nafasi ndogo na kusema imegoma wapi. Inahitaji mwandishi wa maelezo, mtafsiri, mchoraji, na mtu wa kumfundisha mwenzake. Kwa mtengenezaji aliyeko Ulaya, taarifa ya mkulima kwamba programu inakwama mtandao ukiwa hafifu ni mchango halisi, maana pale alipo yeye mtandao haukatiki.

Kuna mchango mmoja ambao umri wenyewe ndio unaoupa thamani, nao ni sauti. Shirika la Mozilla lina mradi uitwao Common Voice, ulioanza mwaka 2017, na Kiswahili kimo. Mtu husomea simu sentensi fupi, au husikiliza za wengine na kusema kama zimesomwa sawasawa. Sauti hizo hutumiwa kuifundisha kompyuta kusikia lugha.

Kompyuta husikia kama mtoto asikiavyo: inaelewa zaidi sauti ilizozizoea. Katika lugha nyingi wanaochangia zaidi ni wanaume vijana. Matokeo yake yanaeleweka. Bibi mwenye mapengo, anayesema polepole kwa lafudhi ya kwao, ataongea na mashine ile isimwelewe, na ataambiwa arudie, na tena arudie. Naye ndiye anayehitaji zaidi simu ya kuongea nayo, kwa sababu macho hayasomi tena herufi ndogo. Mradi huo huuliza umri na jinsia ili kujua ni sauti za nani zinakosekana, ingawa kujibu ni hiari. Ujue kabla ya kuanza: jina lako halitolewi, lakini sauti yenyewe inakuwa mali ya wote, na watafiti hata makampuni wanaweza kuitumia.

Lugha ni ya nani?

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisini kwa Kiswahili. Yeyote anayefanya kazi kama hiyo hukutana na maswali yasiyo ya kompyuta hata kidogo. Tuseme kompyuta au tarakilishi? Nywila, nenosiri au neno la siri? Ukichagua neno linalofundishwa shuleni Kenya, msomaji wa Sumbawanga huenda akaliona geni, na kinyume chake.

Hapo mwalimu mstaafu wa Kiswahili ana mengi ya kutoa kuliko kijana mwenye shahada ya kompyuta. Anajua neno lipi watu wanalisema na lipi limebaki kwenye kamusi. Bahati mbaya walimu hao hawaalikwi, au wakialikwa hukutana kwanza na ukurasa mzima wa Kiingereza wa jinsi ya kujiunga.

Heshima inakuwaje?

Hili halizungumzwi sana, na kwetu ni gumu. Katika miradi hii kazi ya mtu hukaguliwa hadharani kabla ya kupokelewa. Kijana wa miaka 17 anaweza kumwandikia mtu wa miaka 60 kwamba kazi yake ina makosa, airudie. Hakuna shikamoo. Mara nyingi hata umri haujulikani, maana kinachoonekana ni jina na kazi tu.

Mzee aliyezoea kusahihishwa faraghani, kwa utaratibu, anaweza kuona ametukanwa na asirudi. Mtoto aliyelelewa asiwajibu wakubwa anaweza kuona kosa na akanyamaza. Pande zote mbili kazi inapotea. Miradi mingi sasa ina kanuni za mwenendo. Zile zinazotumika sana, zilizoandikwa kwanza mwaka 2014, zinataja umri waziwazi kati ya mambo ambayo mtu hapaswi kubaguliwa kwayo. Debian nao walitoa tamko lao la kumkaribisha kila mtu mwaka 2012.

Kanuni pekee hazitoshi, na kinachosaidia hasa ni mambo madogo. Ukimkosoa mtu, taja kazi, usimtaje yeye. Anayeuliza swali lililokwisha kuulizwa mara mia, mjibu kana kwamba ni mara ya kwanza, kwa sababu kwake ndiyo mara ya kwanza. Adabu ya Kiswahili haizuii ukaguzi: "Mzee wangu, naomba tuliangalie neno hili tena" inasema jambo lilelile.

Watoto je?

Kwa wadogo kabisa zipo programu huria za kujifunzia, kama GCompris, yenye michezo ya hesabu na herufi kwa watoto wa miaka 2 hadi 10. Kolibri nayo imetengenezwa kwa shule zisizo na intaneti: masomo hupakiwa mara moja kwenye kifaa kimoja, wanafunzi wakayafungua kwa simu na tableti zilizo karibu.

Kuchangia ni habari nyingine. GitHub, ambako miradi mingi huwekwa, haipokei mtu aliye chini ya miaka 13. Kazi zinazowekwa huko huonwa na dunia nzima, na kuzifuta kabisa ni vigumu, kwa hiyo mtoto asiweke picha, jina la shule wala la kijiji. Mazungumzo ya kazi yafanyike mahali pa wazi. Mtu mzima anayemvuta mtoto pembeni kwenye ujumbe wa siri "ili amfundishe" ni wa kuulizwa maswali, hata kama ni fundi mashuhuri. Mzazi si lazima aelewe programu. Inatosha kujua mwanawe anaongea na nani.

Gharama na malipo

Kusoma sentensi chache kwenye Common Voice kunahitaji kivinjari tu, lakini kutuma sauti hula bando, basi fanya kidogo kidogo au tafuta mahali penye Wi-Fi. F-Droid ni duka la programu huria za Android, lililoanza mwaka 2010. Halipo kwenye Play Store, hupakuliwa kwenye tovuti yake. Humo utapata AntennaPod ya kusikiliza vipindi vilivyorekodiwa, na OsmAnd, ramani inayofanya kazi bila mtandao.

Wengi huchangia kwa kujitolea. Ipo pia mipango inayolipa. Outreachy hutoa mafunzo ya kazi ya miezi mitatu, kwa mtandao, kwa watu wa miaka 18 na kuendelea, na posho yake ni dola 7,000 za Marekani. Google Summer of Code ilianza mwaka 2005 kwa wanafunzi, na tangu 2022 hupokea pia wanaoanza ambao hawako chuoni. Hakuna kati ya hiyo miwili inayodai ada ya kuomba. Ukitumiwa ujumbe unaotaka pesa ya usajili kwa jina la mojawapo, usilipe.