Injini ya Watu Wasiomwaga Oili

Mwendesha pikipiki wa miaka ya 1910 alikuwa na kazi ambayo leo imesahaulika. Kwenye tangi au ubavuni mwake kulikuwa na pampu ndogo ya mkono, na kila baada ya maili chache ilimbidi aisukume ili oili iingie kwenye injini. Oili ile haikuzunguka na kurudi kama ya sasa. Ilishuka, ikalainisha pistoni na beringi, nyingine ikaungua, nyingine ikavujia barabarani, basi. Akipanda mlima alisukuma mara nyingi zaidi. Akisahau, pistoni iling'ang'ania ndani ya silinda na safari ikaishia hapo. Akizidisha, plagi ililowa na moshi mzito ukamfuata. Alichotafuta ni ukungu mwembamba wa bluu nyuma yake. Akiuona, alijua injini imeshiba. Ukitoweka, alisukuma tena.

Kwa mtu huyo, swali la "oili uliangalia lini?" lisingekuwa na maana. Kuangalia oili na kuendesha vilikuwa kitu kimoja.

Naanza huko kwa sababu historia ya pikipiki huandikwa zaidi kama historia ya mwendo: nani alishinda mbio zipi, injini ipi ilitoa nguvu za farasi ngapi. Historia ya utunzaji husimuliwa na wachache, ingawa ndiyo inayotuambia kazi gani aliachiwa mtu na kazi gani ilichukuliwa na mashine. Ukiifuata hatua kwa hatua, inakufikisha hadi kijiwe cha bodaboda kilicho karibu na kwako.

Tuangalie kabureta kwanza. Wilhelm Maybach, Mjerumani aliyeshirikiana na Gottlieb Daimler kutengeneza pikipiki ya mbao ya mwaka 1885, ndiye aliyebuni mwaka 1893 kabureta inayonyunyiza petroli. Hewa ikipita kwenye koo jembamba, mwendo wake unaongezeka na mgandamizo wake unapungua, kwa hiyo petroli inafyonzwa kupitia tundu dogo na kutawanyika kama manukato. Chini yake kuna kibakuli chenye floti. Petroli ikijaa floti inapanda na kufunga mlango, ikipungua inashuka na kuufungua, sawa na boya la tangi la choo. Koo, jeti na floti: ukifungua kabureta ya bodaboda leo utavikuta vyote vitatu.

Ila mwendeshaji wa zamani alipima mchanganyiko mwenyewe. Mkononi alikuwa na vitenzo viwili, kimoja cha petroli na kimoja cha hewa, na alivichezea safari nzima. Asubuhi ya baridi alibana hewa, injini ikipata moto aliiachia. Kwenye nyanda za juu, ambako hewa ni nyepesi, ilimbidi apunguze petroli. Jambo hilo halijabadilika: kabureta iliyowekwa sawa Mombasa ikipandishwa Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, itamwaga petroli kupita kiasi na plagi itakuwa nyeusi kwa masizi.

Pikipiki za namna hiyo zilifika kwetu na vita. Mwaka 1916, Jenerali Jan Smuts alipoongoza majeshi ya Dola ya Uingereza kuingia Afrika Mashariki ya Kijerumani kutokea upande wa Kilimanjaro, alikuwa na kikosi cha waendesha pikipiki kutoka Afrika Kusini. Aliyewahi kupita Longido au Same wakati wa kiangazi anajua vumbi la huko. Vumbi likipita kwenye kabureta linaingia kwenye silinda. Likifika kwenye oili, oili inageuka msasa. Barabara za aina hiyo, ambazo wabunifu wa Ulaya hawakuziona, zingekuja kuamua mengi miaka sitini baadaye.

Wakati huohuo mashine ilikuwa imeanza kumpokonya mtu kazi. Harley-Davidson ya mwaka 1915 ilikuwa na pampu ya oili inayoendeshwa na injini yenyewe, japo pampu ya mkono iliachwa kwa ajili ya milima na mwendo mkali. Mwaka 1936 kampuni hiyo ilitoa injini ambayo oili yake inazunguka: inatoka kwenye tangi lake, inapita ndani ya injini, inarudishwa kwenye tangi. Oili haikumwagwa tena barabarani. Mkono wa mwendeshaji ulipumzika, na jicho lake likapewa kazi mpya ya kukagua kiwango kabla ya safari.

Jicho hilo lilidanganyika kirahisi. Chukua Triumph Bonneville, pikipiki ya Kiingereza iliyoanza kuuzwa mwaka 1959, cc 649, silinda mbili, kabureta mbili za Amal. Oili yake ilikaa kwenye tangi la pembeni, na kilichoizuia isishuke kwenye injini wakati pikipiki imelala ni kijigololi kidogo ndani ya pampu. Kijigololi kikichakaa au kikinasa uchafu, oili huteremka polepole usiku kucha. Pikipiki ikikaa wiki tatu, mwenyewe anafungua tangi na kulikuta karibu tupu. Anadhani oili imekwisha, anajaza. Akiwasha, ile iliyojificha chini inarudishwa juu, tangi linafurika na moshi unatanda mtaa mzima. Kwa hiyo wanaotunza pikipiki hizi wana kanuni moja: washa kwanza, iache izunguke dakika chache, ndipo upime.

Kabureta zake nazo zilitaka adabu. Ili kuiwasha ikiwa baridi, ulibonyeza kitufe kidogo juu ya kila kibakuli hadi petroli ivuje na kukulowesha kidole. Kisha ulihitaji kuhakikisha kabureta zote mbili zinafunguka pamoja, la sivyo silinda moja inavuta na nyingine inaburuzwa. Mafundi waliweka kiganja nyuma ya kila bomba la moshi na kulinganisha mapigo.

Mwaka 1969 Honda ya Japani ilileta CB750: silinda nne, cc 736, nguvu za farasi 67, breki ya diski mbele na kabureta nne. Injini za Kiingereza zilikatwa wima katikati, kwa hiyo kiungo chake kilipita mahali oili ilipokaa na mara nyingi kilivuja. Honda waliikata yao kwa ulalo, na sakafu ya gereji ikabaki kavu. Hata hivyo kabureta nne ni midomo minne ya kulisha. Toleo la kwanza lilivuta zote kwa waya mmoja uliogawanyika mara nne, na waya hizo zikilegea tofauti, injini ilitetemeka. Muda mfupi baadaye zikaunganishwa kwenye chuma kimoja ili zifunguke pamoja. Hata leo mwenye CB750 huunganisha geji nne, moja kwa kila silinda, na kukaza skrubu kidogokidogo hadi mishale isomeke sawa. Hiyo ni kazi ya saa kadhaa, na inahitaji mtu mwenye gereji, geji na Jumamosi isiyo na haraka.

Lakini wateja wengi wa Honda hawakuwa watu wa Jumamosi. Katika nchi zinazoendelea pikipiki ndogo ilikuwa punda. Ilibeba magunia, familia nzima na mitungi ya maziwa. Pikipiki ya Honda ya cc 125 ya wakati huo ilikuwa na kamshafti, ile shafti inayofungua na kufunga vali, juu kabisa ya injini. Ni ubunifu mzuri unaoruhusu injini kuzunguka kwa kasi. Kasoro yake ni kwamba huko juu ndiko oili hufika mwisho. Oili ikipungua au ikichafuka, kamshafti ndiyo inayoanza kuliwa.

Honda wangeweza kuandika kitabu kikali zaidi cha maelekezo, au kuwalaumu wateja kwa uzembe. Badala yake wahandisi wao walikwenda kuangalia jinsi watu wanavyotumia pikipiki, wakakuta mizigo iliyozidi, vumbi, na oili isiyobadilishwa. Wakakubali kwamba hivyo ndivyo maisha yalivyo, wakabuni injini inayolingana nayo. Ikatoka mwaka 1976 ikiitwa CG125.

Kwa mpenda mwendo, CG125 ilikuwa kurudi nyuma. Kamshafti iliteremshwa chini, karibu na oili, na vali zikasukumwa na vijiti virefu, mtindo ambao wenzao walikuwa wanauacha. Kamshafti yenyewe ilikuwa na nundu moja tu inayohudumia vali zote mbili. Haikuzungushwa na mnyororo unaolegea, ilizungushwa na gia. Mnyororo wa tairi la nyuma ulifunikwa wote ili vumbi lisiuguse. Oili haikuchujwa kwa filta ya karatasi ambayo mtu angesahau kuinunua. Ilipita kwenye chujio la waya na kwenye kisahani kinachozunguka na krenki na kuutupa uchafu ukingoni. Na kabureta ilikuwa moja, ambayo fundi chini ya mwembe anaweza kuifungua kwa bisibisi.

Brazili ilianza kuitengeneza mwaka huohuo wa 1976 katika kiwanda cha Manaus. Pakistan nayo iliichukua na kuizoea kama ya nyumbani. Kisha viwanda vya China vikainakili, vikaipanua hadi cc 150 na 200, na nakala hizo zikasambaa duniani.

Ndizo zilizofika kwetu. Mwaka 2008 Kenya iliondoa kodi ya VAT kwenye pikipiki ndogo, na mwaka 2010 Tanzania ikatunga kanuni za leseni kwa pikipiki zinazobeba abiria. Pikipiki za Kichina zilizojaa barabarani miaka ile, zenye majina ambayo leo nusu yake hayapo sokoni, nyingi zilibeba kifuani ukoo wa CG125. Boxer iliyokuja kuzipiku si wa ukoo huo. Asili yake ni ushirikiano wa Bajaj ya India na Kawasaki, na kamshafti yake ipo juu. Kwa hiyo dereva aliyehama kutoka moja kwenda nyingine alihamia injini isiyosamehe sana, na sidhani kama kuna muuzaji aliyemwambia.

Injini hizi ndogo hubeba takribani lita moja ya oili, na lita hiyo moja inalainisha silinda, giaboksi na klachi kwa pamoja. Ikipungua robo, hiyo si robo ya kupuuza. Ukiweka oili ya gari yenye viungo vya kupunguza msuguano, klachi inaanza kuteleza. Namna ya kupima ni rahisi: pikipiki isimame wima kwa stendi ya kati mahali tambarare, iwashwe dakika chache, izimwe, isubiriwe kidogo. Kwenye nyingi za ukoo wa CG, kijiti kinafutwa na kutumbukizwa bila kukazwa. Wengi hupima ikiwa imeegemea stendi ya pembeni, na kijiti kinawapa jibu la uongo.

Kabureta nayo inataka kidogo tu. Petroli ikikaa muda mrefu huvukiza na kuacha utando kama gundi kwenye jeti ndogo, na pikipiki inagoma kutulia ikiwa imesimama. Fundi mzuri huipuliza kwa upepo. Fundi mwenye haraka huchokonoa kwa waya, tundu linapanuka, na kuanzia siku hiyo pikipiki inakunywa petroli bila sababu inayoonekana.

Maarifa haya hayapungui vijiweni. Madereva wengi wanajua ni lini oili inatakiwa kumwagwa, na fundi akiivuta kidogo kati ya vidole viwili anajua imechoka kiasi gani. Kinachopungua ni pesa ya siku. Dereva asiyemiliki pikipiki anapeleka hesabu kwa bosi kila jioni, iwe mvua iwe jua. Aliye kwenye mkataba anahesabu miezi hadi pikipiki iwe yake. Gharama ya oili inatoka mfukoni mwake kabla ya chakula, na injini haimdai leo, itamdai baada ya miezi minne. Anaongeza kidogo juu ya ile nyeusi, anaondoka. Ringi zikiisha na moshi wa bluu ukianza kutoka, tunasema madereva wa bodaboda ni wazembe. Moshi uleule uliompa moyo mwendeshaji wa 1916 sasa ni ushahidi dhidi ya huyu wa leo.

Ndiyo maana naiheshimu CG125 kuliko pikipiki nyingi zenye sifa. Waliobuni injini hiyo walimchukua mtu asiyemwaga oili kama kipimo cha kazi yao. Ila chuma kinaweza kuvumilia ukata kwa muda tu. Nani alipie lita moja ya oili kati ya dereva na bosi, hilo si swali la wahandisi, na mikataba mingi haiandiki lolote juu yake.

Kabureta yenyewe inaondoka. Uingereza, CG125 ilipisha mwaka 2008 pikipiki yenye sindano ya mafuta inayoongozwa na kompyuta, na India ilipobana viwango vya moshi mwezi Aprili 2020, wazalishaji wengi wa huko walifuata njia hiyo. Zikituzoea nasi, bisibisi ya chini ya mwembe haitatosha, na kazi nyingine itakuwa imetoka mikononi mwa mwendeshaji na fundi wake. Lakini oili bado itakuwa chini ya injini, lita moja, ikipungua kwa siri. Kwa zile zenye kijiti, mtu ataendelea kuinama, kukifuta kwa kitambaa na kukisoma.