Daraja la Nne si Moja: Hesabu ya Mwanafunzi wa Kati katika Sekondari ya Kata

Katika kata ya Unyambwa, Manispaa ya Singida, Mtihani wa Taifa wa Kidato cha Nne hufanyika Novemba, wakati mvua zinatazamiwa na majembe yanaandaliwa kwa ajili ya alizeti, mtama na uwele. Matokeo yakitangazwa, macho hukimbilia waliopata Daraja la Kwanza, kisha waliopata sifuri. Aliye katikati hupita kimya, ingawa ndiye hasa ambaye sekondari za kata zilijengwa kwa ajili yake.

Kabla ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, ulioanza mwaka 2004, mhitimu wa darasa la saba mwenye alama za wastani hakuwa na shule ya kumpokea. Mwaka 2016 ikaondolewa ada, iliyokuwa Sh 20,000 kwa mwanafunzi wa kutwa. Madarasa yakajaa. Katika darasa kubwa mwalimu humfahamu kwa jina anayeongoza na anayesumbua. Wa kati anaweza kufika Kidato cha Nne bila kuitwa ofisini hata mara moja. Zaidi ya hapo, amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili na sasa anafundishwa kwa Kiingereza, hivyo mara nyingi anachokosa ni lugha ya swali, si jibu lake.

Hatima yake huamuliwa na hesabu ambayo wazazi wengi hawajawahi kuelezwa. Baraza la Mitihani la Tanzania hujumlisha pointi za masomo saba aliyofanya vizuri zaidi: A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5. Jumla ya 22 hadi 25 ni Daraja la Tatu. 26 hadi 33 ni Daraja la Nne. Mwanafunzi mwenye C tatu na D nne ana pointi 25 kamili, ukomo wa kufikiriwa kwa Kidato cha Tano, mradi masomo aliyofaulu yanaweza kuunda tahasusi. C huanzia alama 45. Akipata 44 katika somo mojawapo kati ya hayo matatu, pointi zake zinakuwa 26, na mlango wa Kidato cha Tano unafungwa kwa alama moja.

Daraja la Nne lenyewe ni pana mno. Mwenye C mbili na D tano (pointi 26) na mwenye D mbili na F tano (pointi 33) husemwa wamepata daraja lilelile, lakini njia zao ni tofauti kabisa. Vyuo vya ngazi ya astashahada kwa kawaida hudai ufaulu wa D nne, masomo ya dini hayahesabiwi. Kwa hiyo somo la nne, lile linalodhaniwa halina umuhimu kwa kuwa "division four imeshapatikana", ndilo linalotenganisha mwenye sifa za chuo na asiye nazo.

Kosa jingine hufanyika mapema, mwanzoni mwa Kidato cha Tatu, mwanafunzi anaporuhusiwa kuacha Fizikia na Kemia. Wa kati huziacha upesi, tena mara nyingi kwa kufuata marafiki. Miaka miwili baadaye akitamani kusomea utabibu, anakuta kozi hiyo inadai D katika Kemia, Biolojia na Fizikia. D huanzia alama 30 tu. Mzazi asiyeshirikishwa siku ile ya kuchagua hugundua haya wakati wa kujaza fomu za chuo, na hapo ni kuchelewa.

Kwa asiyefikisha D nne, Chuo cha VETA kilichopo mjini Singida hupokea hata wahitimu wa darasa la saba, na mtihani unaweza kurudiwa kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutekelezwa Januari 2024, umeongeza mkondo wa amali ndani ya sekondari yenyewe, ingawa karakana na walimu wa fani hawawezi kufika kila kata kwa mkupuo.

Kwa sasa, mzazi anayepokea karatasi ya matokeo asiishie kwenye daraja. Ahesabu pointi, kisha ahesabu D.