Antene ya kuficha: kusikiliza mawimbi mafupi pale ambapo waya wa inje unakatazwa

Antene ya kuficha ni waya unaotundikwa ndani ya nyumba, ao inje pahali pasipoonekana, ili radio ishike mawimbi mafupi bila mlingoti wala waya juu ya paa. Wanaoitumia ni wapangaji ambao mwenye nyumba hataki misumari ku ukuta wake, watu wa nyumba za gorofa, na wale wanaokaa pahali ambapo kanuni zinakataza. Mawimbi mafupi yanarudishwa chini na tabaka la juu la anga. Ndiyo maana kituo kilicho mbali maelfu ya kilometa kinasikika Walikale ao Fizi, hata siku FM imezimika na intaneti imekatwa.

Jambo hili ni la zamani. Wajerumani waliingia Uholanzi Mei 1940, na tangu Julai mwaka ule Radio Oranje, sauti ya serikali iliyokimbilia London, ilikuwa inasemesha wananchi kutoka huko. Wajerumani wakaifunika kwa makelele. Watu wakajitengenezea mviringo wa waya wenye kondensa ya kuzungusha, wakauita moffenzeef, ni kusema chekecheo la Wajerumani, kwa jina la matusi. Ukiugeuza pole pole, makelele yanashuka na sauti ya London inabaki. Mwaka 1943 amri ikatoka watu watoe radio zote. Wengi wakazificha na kuendelea kusikiliza.

Marekani hakuna vita, lakini vyama vya wenye nyumba vinakataza antene juu zinaharibu sura ya mtaa. Kanuni ya serikali ya 1996 inalinda sahani ndogo za setilaiti na antene za televisheni, ila haigusi mawimbi mafupi. Sheria iliyotiwa sahihi 2006 nayo inazuia vyama kumkatalia mtu bendera ya nchi. Wapenzi wengine wa radio wanasimamisha milingoti ya bendera ambayo ndani yake mna antene. Wengine wanapitisha waya mu dari, chini ya vigae.

Huku kwetu dari hiyo mara nyingi haisaidii, juu iko chini ya mabati. Bati ni chuma, na chuma kinazuia mawimbi. Nyumba ya mbao ya Goma inaachilia mawimbi yapite ku kuta, lakini paa bado inafunika. Nyumba ya matofali ya kuchoma inapitisha kiasi. Zege yenye vyuma inapitisha kidogo kabisa. Kwa hiyo mlango wa mawimbi ni dirisha, na waya unapaswa kukaa karibu yake, mbali na bati na mbali na nyaya za umeme.

Waya wenyewe hauombi pesa mingi. Waya mwembamba wa shaba wenye rangi, ule wa kuzungushia motere, hauonekani ku ukuta mtu akiwa hatua tatu. Metre 5 mpaka 8 zinatosha kwa kusikiliza. Unapita ku fremu ya dirisha, nyuma ya pazia, ao unafuata kamba ya kuanikia nguo iliyokwisha kuwa ku lupango, ambayo hakuna mtu anaiuliza. Upande mmoja unafungwa ku antene ya radio kwa kishikio cha nguo ao kwa kuuzungusha mara kadhaa. Upande mwingine unaachwa wazi, usiguse chuma. Waya mrefu kupita kiasi unaweza kujaza radio ndogo mpaka vituo vinachanganyikana. Hapo unaufupisha.

Adui mkubwa si ukuta, ni makelele ya umeme. Shaja ya telefone, ampuli za LED na vifaa vya sola vinavyogeuza umeme vinatoa mlio unaofunika kituo chote. Radio ya mabuye, na shaja zote zikiwa zimechomolewa, inasikia vizuri kuliko radio ya umeme yenye antene ndefu. Pale makelele yanatoka kwa jirani, mviringo wenye upana wa metre moja hivi, wenye kondensa kama ule wa Waholanzi, unazungushwa mpaka mlio unapungua. Usiku bandi za metre 49 na 41 ndizo zinafunguka; muchana ni afadhali metre 19 na 16.

Kubaki ndani kuna faida ingine. Utafiti wa setilaiti uliotolewa 2016 uliweka Kabare, karibu na Bukavu, nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi, nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela: karibu 205 kwa kilometa ya mraba kila mwaka. Waya wowote unaotoka inje unachomolewa ku radio mbele ya mvua, si wakati radi imekwisha kuanza. Kutupa waya karibu na nyaya za umeme za barabarani ni kifo.

Yote haya ni ya kusikiliza tu. Kurusha sauti kunaomba ruhusa ya serikali. Na pahali penye silaha, waya uliofichwa unaweza kumtia mtu mashaka kuliko waya unaoonekana: askari anayeukuta nyuma ya pazia hajui kama mwisho wake ni radio ya habari ao chombo cha kutuma ujumbe. Mu mitaa kama hiyo kamba ya nguo iliyo wazi, ao antene ya radio yenyewe ikisimamishwa ku dirisha, ni salama zaidi, hata kama sauti inakuja na upepo.