MAGAZETI YA MOTOKAA NA MAJINA YA ZAMA ZAKE: FUNZO KWA WAUNDAJI WA ISTILAHI

Utangulizi

Mara kwa mara mfasiri hukutana na maneno matatu ya Kiingereza yahusuyo magari ya zamani: 'veteran', 'vintage' na 'classic'. Akiyatafuta katika kamusi ya kawaida, la kwanza huambiwa ni askari mkongwe, la pili ni mavuno ya zabibu, na la tatu ni kazi ya sanaa iliyo bora. Katika maana hizo hakuna inayomfaa. Mwisho huandika 'gari la zamani' kwa yote matatu, akapita. Katika hadithi kosa hilo halina madhara makubwa. Lakini katika hati ya bima, ya forodha au ya kanuni za mashindano, laweza kumgharimu mtu fedha au haki yake, maana maneno hayo hayatofautiani kwa ladha tu bali kwa miaka na masharti.

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi maneno hayo na mengine ya motokaa yalivyozaliwa. Tutaona kwamba mengi hayakutoka kwa wahandisi wala kwa wataalamu wa lugha. Yalitoka katika magazeti, katika vilabu na katika vitabu vya historia ya motokaa. Kisha tutatazama historia hiyo yatufundisha nini sisi tunaounda istilahi za Kiswahili.

Chombo kisicho na jina

Karl Benz wa Mannheim, Ujerumani, aliomba hataza ya chombo chake tarehe 29 Januari, 1886. Katika hati yake chombo hicho kiliitwa kwa maelezo tu, yaani gari liendeshwalo kwa injini ya gesi. Kitu kilikwisha kuwapo, lakini jina lake halijapatikana. Hali hiyo yafahamika vema na kila mwenye kazi ya istilahi.

Kazi ya kutafuta jina iliangukia magazeti. Mwezi Julai 1894 gazeti la Le Petit Journal la Paris liliandaa safari ya kuyajaribu magari hayo kutoka Paris hadi Rouen, na katika matangazo yake yakaitwa magari yasiyo na farasi. Mwaka uliofuata magazeti yaliyohusu chombo hicho peke yake yalianza kutoka. Huko Coventry, Uingereza, The Autocar lilitokea tarehe 2 Novemba, 1895, nalo bado lachapishwa hata leo. Mwezi huohuo The Horseless Age lilianza New York. Jina lake lina maana ya zama zisizo na farasi.

Yafaa tuitazame namna hii ya kutaja kitu kwa kile kilichokosekana. Mtu wa 1895 alipoliona gari, jambo la kwanza aliloliona ni kwamba farasi hayupo. Kizazi kilichofuata hakikumkumbuka farasi huyo, na hapo jina likawa halina tena cha kueleza. Gazeti la The Horseless Age lilifikia mwisho wake mwaka 1918, na jina lake leo lasomwa kwa tabasamu. Istilahi inayotaja upungufu wa kitu cha jana haiishi muda mrefu.

Neno lililopewa zawadi

Kisa cha pili chatoka Chicago. Mwaka 1895 gazeti la Chicago Times-Herald liliandaa mashindano ya magari, yakafanyika tarehe 28 Novemba. Frank Duryea ndiye aliyeshinda. Pamoja na mashindano ya mbio, gazeti liliandaa pia mashindano ya neno: atakayependekeza jina bora la chombo hiki kipya atapata dola 500. Neno lililoshinda lilikuwa 'motocycle'. Gazeti likalitumia, na jarida moja la Chicago likalichukua liwe jina lake.

Hata hivyo watu hawakulifuata. Miaka michache baadaye Wamarekani walikuwa wakisema 'automobile', neno lililotoka Ufaransa, na neno lililokaribiana na lile la zawadi likaishia kwa chombo kingine kabisa, chenye magurudumu mawili. Hata 'automobile' lenyewe halikupokelewa kwa amani. Mwaka 1899 The New York Times lililaumu kwamba neno hilo ni nusu Kigiriki na nusu Kilatini. Lawama hiyo ilikuwa ya kweli, lakini haikulizuia neno.

Ni lazima tuwe waangalifu hapa, tusije tukasema kwamba mabaraza ya lugha hayana kazi. Kosa la Chicago halikuwa kuunda neno. Kosa lilikuwa kudhani kwamba neno likishapata zawadi limekwisha kupata watumiaji. Kwetu, chombo cha magurudumu mawili kilipata jina 'pikipiki' kutokana na mlio wake. Neno hilo halikutolewa zawadi na mtu yeyote, nalo laeleweka pwani na bara.

Sheria na mtumiaji

Uingereza sheria nayo ilitafuta jina. Sheria ya 1865 ilikuwa imeviweka vyombo vyote viendavyo barabarani kwa mtambo katika kundi moja na magari mazito ya mvuke, na kutaka mtu atembee mbele yake. Sheria ya 1896 iliyaondolea magari madogo masharti hayo, lakini bado iliyaita mitambo myepesi ya barabarani. Hakuna mwenye gari aliyesema kwamba atakwenda mjini kwa mtambo wake mwepesi. Sheria ya 1903, ile iliyoanzisha namba za usajili, ndiyo iliyokubali neno 'motor car' ambalo watu walikuwa wakilitumia.

Neno hilo ndilo lililotufikia. 'Motokaa' yetu, 'emmotoka' ya Waganda na 'imodoka' ya Wanyarwanda zote zina asili hiyo moja. Twaweza kusema kwamba mashindano ya maneno yaliyofanyika Ulaya na Marekani kati ya 1894 na 1903 ndiyo yaliyoamua kwamba leo hatusemi neno jingine. Kando yake tulikuwa tayari na 'gari', neno lenye asili ya Kihindi, lililotumika kwa magari ya kukokotwa na kisha, katika 'gari moshi', kwa treni. Wajerumani walifanya vilevile kwa neno lao la gari la kukokotwa.

Kila lugha ilichukua majina ya sehemu kutoka katika chombo ilichokijua. Wazungu walichukua kwa gari la farasi. Ubao ulioko mbele ya dereva, ambao sisi twauita dashibodi, kwa asili ulikuwa ubao wa kuzuia matope yaliyorushwa na kwato. Wafaransa walimwita dereva 'chauffeur', yaani mchochea moto, kwa kumkumbuka mtu wa mtambo wa mvuke. Watu wa mwambao wao walichukua kutoka chomboni: 'usukani' ulikuwa wa jahazi kabla ya kuwa wa motokaa. Twauona huo kuwa mfano bora wa istilahi iliyotoka ndani ya lugha, maana kazi ya kitu ilitazamwa kabla ya umbo lake.

Vilabu na vitabu vya historia

Historia ya motokaa ilianza kuandikwa pale magari ya kwanza yalipoanza kutupwa. Tarehe 14 Novemba, 1896 wenye magari wa Uingereza walisafiri kutoka London hadi Brighton kusherehekea sheria mpya. Mwaka 1927 safari hiyo ilirudiwa kwa ukumbusho, na watu wakashangaa kuona vyombo vya aina ile vingali vikienda. Kutokana na ukumbusho huo kilizaliwa mwaka 1930 chama cha wenye magari hayo, nacho kikayaita 'veteran', kwa mfano wa askari aliyetoka vitani salama. Hata sasa gari haliruhusiwi kuingia katika safari ya Brighton isipokuwa limetengenezwa kabla ya tarehe 1 Januari, 1905, ingawa jina lenyewe hutumika pia kwa magari ya hadi 1918.

Mwaka 1934 kilianzishwa chama cha pili, nacho kikachukua neno 'vintage' kutoka kwa watengenezaji wa mvinyo. Mpaka wake ni mwisho wa 1930. Msomaji na atazame tarehe hizo. Chama kilipoundwa, baadhi ya magari hayo yalikuwa na umri wa miaka minne tu. Kwa hiyo neno hilo halikuwa na maana ya ukale hata kidogo. Lilikuwa hukumu. Wanachama waliamini kwamba baada ya 1930 viwanda vilianza kutengeneza magari mengi kwa haraka na kwa urahisi, ufundi ukapungua. Kama vile mvinyo wa mwaka mmoja hushinda wa mwaka mwingine, ndivyo walivyoyaona magari ya 1919 hadi 1930.

Hukumu hiyo ilienezwa na magazeti na vitabu. Gazeti la Motor Sport, lililoanza 1924 kwa jina la Brooklands Gazette, lilihaririwa na Bill Boddy kuanzia 1936 hadi 1991, naye alilipa somo la magari ya kale nafasi ya kudumu. Mwaka 1954 Cecil Clutton na John Stanford walitoa kitabu The Vintage Motor Car, na neno la klabu likawa jina la kitabu. Marekani, L. Scott Bailey alianzisha Automobile Quarterly mwaka 1962. Lilikuwa na jalada gumu na halikuchukua matangazo ya biashara, likadumu hadi 2012. Mwaka 1968 G. N. Georgano alitoa kamusi elezo ya motokaa za dunia tangu 1885. Kazi za namna hii ndizo zilizoyageuza mazungumzo ya wapenzi wa magari yakawa elimu yenye istilahi.

Neno 'classic' na utata wake

Neno la tatu ndilo gumu. Mwaka 1952 chama kimoja cha Marekani kililichukua na kulipa maana finyu sana: magari ya fahari, yaliyotengenezwa machache na kwa bei kubwa, kati ya 1925 na 1942. Baadaye miaka hiyo ilipanuliwa. Kwa kanuni hiyo Ford Model T, iliyotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927 kwa idadi ya zaidi ya milioni 15, si 'classic', hata ikiwa imetunzwa namna gani.

Uingereza mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 1973 lilianzishwa gazeti lililobeba neno hilo katika jina lake, na mwaka 1982 likafuata Classic and Sportscar. Magazeti haya yaliwauzia wasomaji ambao hawangeweza kununua gari la fahari, lakini waliipenda Morris Minor ya baba zao. Basi neno likashuka kutoka kwa matajiri likawafikia watu wa kawaida, na maana yake ikalegea. Watunga sheria walipotaka uhakika hawakulitegemea. Sheria ya kodi ya Uingereza husema gari la kihistoria, na tangu 2014 husamehe kodi magari yaliyotimiza miaka 40. Shirikisho la kimataifa la vyama vya magari hayo, lililoundwa 1966, huhesabu miaka 30, na kutaka pia gari liwe limetunzwa katika hali yake ya asili.

Neno hilo limekwisha kutufikia. Mbio za magari za Afrika Mashariki zilizoanza mwaka 1953 zilizaa, mwaka 2003, mbio nyingine za magari ya zamani zenye neno 'Classic' katika jina lake. Mwandishi wa habari anayezitangaza kwa Kiswahili anahitaji neno. Akisema 'magari makuukuu' amezidharau, na akisema 'mikweche' amezitukana.

Mapendekezo

Kutokana na hayo twapendekeza mambo manne. Kwanza, 'gari la kihistoria' liwe neno la jumla la kisheria, na kila hati itaje miaka inayohesabiwa. Pili, 'gari kongwe' litumike kwa 'veteran', maana ukongwe katika Kiswahili una heshima ya kudumu, na huvumilia picha ya askari bila kuitaja. Tatu, kwa 'vintage' tusiende kwenye zabibu, ambazo hazina nafasi katika semi zetu. 'Gari teule la kale' lina hukumu na lina wakati. Nne, 'klasiki' likubaliwe kama lilivyokwisha kukubaliwa katika muziki, lakini mfasiri aeleze mara ya kwanza kama ni maana finyu ya Marekani au maana pana ya Uingereza.

Twayatoa haya yajadiliwe, wala hatuyatoi kama zawadi ya Chicago. Na kabla ya kuyapitisha kuna kazi nyingine ya haraka zaidi. Mafundi waliojifunza kazi wakati gari lilipowashwa kwa kupiga hendeli wamebaki wachache. Wao ndio waliosema klachi, rejeta, kabureta na springi bila kuuliza ofisi yoyote, na bila shaka wana maneno ambayo hayajaingia katika kamusi. Sisi hatujaandika kitabu cha historia ya motokaa kwa Kiswahili kinacholingana na vile tulivyovitaja. Walimu wa shule za ufundi wanaweza kuanza kwa kuwatuma wanafunzi katika karakana na gereji za miji yao, kila mmoja na daftari, wakaandike jina la kila sehemu kama fundi anavyolitamka. Orodha hizo zikifika mezani petu, mapendekezo yetu manne yatakuwa na kitu cha kupimwa nacho.