Wino na Karatasi katika Utenzi wa Mwana Kupona

Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Sheikh Mataka wa Siu katika kisiwa cha Pate, alitunga utenzi wake mwaka 1275 wa Hijra, yaani yapata 1858, ili kumwusia bintiye, Mwana Hashima. Alikuwa mgonjwa, naye alifariki yapata mwaka 1860. Alice Werner na William Hichens walipouchapisha mwaka 1934 waliupa jina la Kiingereza lenye maana ya nasaha juu ya wajibu wa mke. Wahakiki wengi nao wameusoma kwa jicho hilohilo, baadhi wakiusifu, baadhi wakiulaumu.

Hukumu hiyo haikosi msingi, kwani beti za kumtii mume zimo, tena si chache. Hata hivyo, yafaa kuutazama utenzi mzima. Mwanzoni mama anamwita bintiye asogee na wino na karatasi. Yaani msichana wa Siu anatazamiwa kushika kalamu. Baadaye wanawake wote wanahimizwa wausome na kuifahamu maana yake, wapate kuepukana na lawama mbele ya Mungu. Tarehe ya utungo nayo imewekwa ndani ya beti.

Mausia ya mama kwa binti yalikuwako kabla ya Mwana Kupona. Alilolifanya yeye ni kuyatia katika maandishi na kuwahesabu wanawake kuwa wasomaji. Mhakiki anayezipima beti za mume peke yake, awe anasifu au analaumu, humjadili mke akamwacha mwandishi.