Daktari wa mifugo anayezuru mashamba

Daktari wa mifugo anayezuru mashamba huwafuata wafugaji bomani badala ya kuwangoja mjini. Katika maeneo ya Kitale na Bungoma, wakulima wengi wa mahindi hufuga pia ng'ombe wachache wa maziwa, na kifo cha mmoja huweza kumkosesha mtoto karo.

Daktari hutibu, huchanja, husaidia ng'ombe aliyekwama kuzaa na hupandikiza mbegu za fahali. Ng'ombe aonyeshaye dalili za joto asubuhi hupandikizwa jioni. Wa jioni hupandikizwa asubuhi yake.

Adui mkubwa ni ndigana kali, maradhi yaenezwayo na kupe. Tezi za chini ya masikio na mbele ya mabega huvimba, homa hupanda, kisha mnyama huhema kwa shida. Akifikia hapo, tiba mara nyingi huwa imechelewa.

Chanjo yake, iliyobuniwa Muguga karibu na Nairobi miaka ya 1970, hudungwa mara moja tu. Hata hivyo, huhifadhiwa katika nitrojeni kiowevu, na ikishayeyushwa hudumu saa chache. Kwa kuwa mrija mmoja hutosha mifugo kadhaa, majirani hukusanya ndama siku moja na kugawana gharama.

Sheria ya mwaka 2011 humtaka kila mtoa huduma awe amesajiliwa. Ni busara mfugaji aulize cheti kabla ya sindano. Aulize pia maziwa yasiuzwe kwa siku ngapi baada ya dawa.