Ng'ombe Alikuwa Hapa Kabla ya Geti

Kutoka stendi ya Voi hadi lango la Hifadhi ya Taifa ya Tsavo Mashariki ni mwendo mfupi wa bodaboda. Upande huu wa geti kuna vibanda, gereji, shule na mbuzi wanaovuka barabara kana kwamba wao ndio wenye mji. Upande ule kuna ndovu. Masharti ya kuingia yanajulikana: usishuke garini ovyo, usiwalishe wanyama, usije na mnyama wa nyumbani. Mbwa wako, mbuzi wako, ng'ombe wako, wote wanakungoja nje.

Sisi wakaazi wa hapa tumeyazoea masharti hayo kiasi kwamba hatuyaulizi. Lakini kila kiangazi kikibana, swali moja linarudi kwenye vinyozi, kwenye vibanda vya chai na kwenye mikutano ya chifu. Nyasi zimeisha huku, kule zipo. Kwani ng'ombe akiingia ataharibu nini?

Majibu huwa ya haraka. Mmoja anasema wafugaji ni wavamizi. Mwingine anasema hifadhi ni ya Wazungu na watalii. Mimi naona wote wawili wanaanzia hadithi katikati. Tukirudi nyuma kidogo, tutaona kwamba swali lenyewe limekaa kichwa chini miguu juu.

Kwanza tutoke nje ya Voi. Ukienda Msitu wa Karura jijini Nairobi Jumamosi asubuhi, utakuta watu wakitembeza mbwa wao kwa kamba, na hakuna anayeshangaa. Huko London, kwenye bustani kubwa ya Hampstead Heath, mahali ambapo watu hutembeza mbwa kila siku, mwaka 2019 waliletwa kondoo watano kwa majaribio ya siku chache. Waliwekwa ndani ya uzio ili ionekane kama midomo yao inaweza kufanya kazi ya mashine za kukata majani. Magazeti yaliandika, watu wakapiga picha. Ilionekana kama wazo jipya.

Si jipya hata kidogo. Bustani ya Boston Common kule Marekani ilikuwa malisho ya ng'ombe wa mji hadi 1830. Central Park ya New York ilikuwa na kundi la kondoo kuanzia miaka ya 1860 hadi 1934, na uwanja waliolishia bado unaitwa uwanja wa kondoo ingawa leo wanaolala pale ni watu wanaoota jua. Huko, mifugo ilitolewa mji ulipokua, na sasa inarudishwa kidogo kidogo kama mgeni anayekaribishwa.

Kwetu mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Hapa hifadhi yenyewe ilianza kwa kumtoa ng'ombe.

Chukua Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, ya kwanza nchini, iliyotangazwa mwaka 1946. Kabla ya hapo sehemu ile ilikuwa malisho ya pamoja. Wamaasai walipita na ng'ombe wao, na baadaye Wasomali walikuwa wakilisha mifugo yao pale. Mervyn Cowie, mlowezi aliyezaliwa Kenya na aliyekuja kuongoza hifadhi za taifa, aliona ng'ombe hao ni balaa kwa wanyamapori. Ili kuamsha watu alitumia hila. Aliandika barua gazetini kwa jina la bandia, akidai wanyamapori wote wauawe. Wasomaji walikasirika kama alivyotaka, na hasira ile ikasaidia kuzaa hifadhi. Waliolisha mifugo pale hawakuwa miongoni mwa walioulizwa.

Miaka miwili baadaye, tarehe 1 Aprili 1948, ikatangazwa Tsavo, kisha ikagawanywa kuwa Mashariki na Magharibi kwa ajili ya usimamizi. Zote mbili pamoja zina zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Kwa nini hapa? Kwa sababu serikali ya kikoloni iliona nyika kavu yenye mbung'o, isiyofaa kwa mashamba ya walowezi, ikahitimisha kwamba haina mwenyewe. Lakini nyika haikuwa tupu. Wawata, ambao watu wengi waliwaita Waliangulu, waliwinda humo kwa upinde mzito na mishale ya sumu. Waorma walisogeza ng'ombe kufuata mvua upande wa Galana na Tana. Wakamba waliingia kutoka kaskazini. Wataita walishuka kutoka milimani kulisha, kuwinda na kufanya biashara. Nyika ilitumiwa kwa msimu, na mtu akipita msimu usio wake anaweza kudhani hakuna mtu.

Na usisahau hali ya Wataita wakati ule. Mwishoni mwa miaka ya 1930 walianzisha Chama cha Milima ya Taita kupigania ardhi, kwa sababu juu milimani watu walikuwa wamebanana na chini mashamba ya mkonge yalikuwa yameshachukua sehemu nzuri. Mwaka 1940 serikali ilikipiga marufuku pamoja na Kikuyu Central Association na chama cha Wakamba, na viongozi wakawekwa kizuizini. Kwa hiyo hifadhi ilipotangazwa miaka minane baadaye, wale ambao wangeuliza maswali walikuwa wameshanyamazishwa.

Mwangalizi wa kwanza wa Tsavo Mashariki alikuwa David Sheldrick, aliyekaa hapa Voi hadi 1976. Alichimba barabara, akajenga mabwawa, akapambana na ujangili. Katika kampeni kubwa ya mwaka 1956 na 1957, Wawata wengi walikamatwa na kufungwa. Kilichokuwa riziki ya babu zao kikawa kosa la jinai. Baadhi ya waliohusika na kampeni ile waliona ugumu wa jambo hilo, na mwaka 1960 ukaanzishwa mpango wa Galana, mashariki ya hifadhi, ambapo Wawata wangewinda kihalali kwa mgao maalumu. Mpango haukudumu. Eneo hilo likaja kuwa ranchi kubwa ya ng'ombe.

Sasa sikiliza sehemu ambayo watu wengi hawaijui. Nyasi wanazozitamani wafugaji ndani ya Tsavo hazikuwapo zote tangu zamani. Mwaka 1948 sehemu kubwa ya Tsavo Mashariki ilikuwa kichaka kizito cha miti ya miiba. Ndovu walipolindwa waliongezeka, wakaangusha miti, wakamenya mibuyu, na moto ukamalizia kazi. Pale palipokuwa na kichaka pakafunguka mbuga. Katika miaka ya 1960 wataalamu walibishana vikali. Richard Laws, mtafiti kutoka Uingereza, alitaka maelfu ya ndovu wauawe ili kuangalia umri na afya yao na kupunguza idadi. Sheldrick alikataa, akisema maumbile yatajirekebisha. Kisha ukaja ukame wa 1970 na 1971, na inakadiriwa ndovu wapatao 6,000 wakafa, wengi wao majike na watoto wasioweza kwenda mbali na maji. Walikufa kwa njaa zaidi kuliko kiu: maji yalikuwapo, majani karibu na maji yalikuwa yameisha. Kisha wawindaji haramu wakamaliza wengi wa waliobaki, na vichaka vikaanza kurudi.

Kwa maneno mengine, nyasi za Tsavo zina historia. Zimeletwa na ndovu, moto, ukame na maamuzi ya watu ofisini. Anayesema "tuiache kama ilivyokuwa" lazima aseme ilivyokuwa mwaka gani.

Nje ya uzio nako mambo yalibadilika. Hifadhi ilipochukua takribani asilimia 62 ya eneo la Taita Taveta, sehemu kubwa ya nyika iliyobaki ikageuzwa kuwa ranchi, karibu 28 kwa jumla, nyingi zikiwa za vikundi na kampuni zenye wanahisa wenyeji. Lengo lilikuwa kunenepesha ng'ombe na kuuza nyama. Nyingi zilikwama kwa ukame, madeni na usimamizi mbovu. Ranchi iliyokwama inatafuta pesa, na pesa rahisi ni kumkodisha mtu mwenye ng'ombe au ngamia kutoka kaskazini. Nyasi za ranchi zikiisha, jirani ni hifadhi, na usiku ni mrefu.

Hapo ndipo mtu wa Sagalla au Mwatate anapokuwa na maoni yake, na si yale ambayo mtu wa mjini angetarajia. Mkulima ambaye mahindi yake yameliwa na ndovu Jumatatu na ngamia Alhamisi hana hamu ya kusikia kuhusu haki za malisho. Anataka mtu wa kumlipa. Na yule kijana anayekamatwa ndani ya hifadhi mara nyingi si mwenye ng'ombe. Ni mchungaji wa kuajiriwa, mwenye ng'ombe yuko mjini na simu. Ukisema "wafugaji wameingia Tsavo", uliza wafugaji gani.

Je, ng'ombe anaharibu? Inategemea, na hili limepimwa. Huko Mpala, Laikipia, tangu 1995 wanasayansi wamezungushia viwanja uzio tofauti tofauti: kimoja ng'ombe peke yao, kingine wanyamapori, kingine wote pamoja. Mwaka 2011 Wilfred Odadi na wenzake walichapisha matokeo katika jarida la Science. Wakati wa kiangazi, ng'ombe waliochangia malisho na wanyama kama punda milia waliongeza uzito kidogo kuliko wale waliokula peke yao. Wakati wa mvua ikawa kinyume: walinenepa zaidi, kwa sababu wanyamapori walipunguza majani makavu na kuacha machanga. Tena huko Laikipia maboma ya zamani hugeuka viwanja vya nyasi tamu kwa sababu ya samadi, na swala huvipenda kwa miaka mingi baada ya wafugaji kuhama.

Ona basi tatizo. Ng'ombe na punda milia wanasaidiana mvua ikinyesha na wanagombana kukikauka. Lakini hakuna mtu anayeomba kuingia hifadhini wakati wa mvua. Tunaomba wakati mbaya kabisa, wakati ndovu nao wanakufa. Katika ukame wa mwaka 2022, kati ya Februari na Oktoba, serikali ilihesabu ndovu 205 waliokufa nchini.

Kuna na magonjwa. Mwaka 1994 karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti walikufa kwa virusi vya homa ya mbwa, na watafiti wakaelekeza kidole kwa mbwa wa vijiji vya jirani. Ndiyo maana lile sharti la mbwa getini si dharau. Mchungaji huja na mbwa wake, na simba akila ng'ombe, wengine hujibu kwa sumu.

Lakini kufunga geti peke yake si jibu, na majirani zetu walishalijaribu. Ng'ambo ya mpaka, Mkomazi imepakana na Tsavo Magharibi. Ilipotangazwa pori la akiba mwaka 1951, baadhi ya Waparakuyo waliruhusiwa kuendelea kulisha humo. Kufikia 1988 serikali ya Tanzania ikawaondoa wafugaji wote. Walikwenda mahakamani wakadai ardhi ya babu zao, wakashindwa. Mwaka 2008 ikawa hifadhi ya taifa. Ng'ombe hawakutoweka duniani kwa sababu hiyo. Walisogea tu hadi kwenye ardhi ya mtu mwingine.

Na tukisema hifadhi haiguswi, tuseme ukweli wote. Bomba la maji ya Mzima, yanayobubujika ndani ya Tsavo Magharibi, limekuwa likipeleka maji Mombasa tangu miaka ya 1950, huku vijiji kadhaa vya Taita vikinunua maji kwa mtungi. Reli ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, inapita Tsavo juu ya tuta refu lenye vivuko vya ndovu. Maji ya Mombasa yalipata idhini. Treni ilipata idhini. Kwa hiyo idhini inawezekana. Hata Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kuingia na kukaa na mifugo hifadhini "bila idhini". Ina maana walioiandika walijua kuna siku mtu anaweza kuomba.

Mfano uko karibu. Barabara ya Voi kwenda Taveta inapita LUMO, jina lililotokana na herufi za Lualenyi, Mramba na Oza, ranchi tatu zilizoungana kuwa hifadhi ya jamii. Pale ng'ombe ana nafasi yake na ndovu ana yake, na watalii wanalipa wenyeji. Si peponi. Kuna ubishi wa hesabu na uongozi kama kila mahali penye pesa. Tofauti ni kwamba wanaobishana ndio wenye ardhi, na wanajuana kwa majina.

Maoni yangu ni haya. Tusifungue Tsavo kila ukame unapokuja, kwa sababu huo ndio wakati ambapo nyasi haziwatoshi hata wenyeji wake wa porini. Lakini tuache kumtendea mfugaji kama mtu aliyezuka jana. Mkataba wa malisho ufanywe wakati wa mvua, kwenye ranchi zinazopakana na hifadhi. Idadi ya ng'ombe iandikwe, mwenye mali atajwe jina lake na si la mchungaji wake, mbwa wachanjwe, na sehemu ya ada iende moja kwa moja kwa mkulima aliyeliwa mahindi. Ranchi ikikodisha kupita kiasi, wanahisa wajue kabla ya ngamia kufika.

Mvua za vuli huku Voi huanza mnamo Novemba. Huo ndio mwezi wa kuitisha mkutano, wakati nyasi bado zipo na kila mtu ana subira ya kukaa chini. Februari tutakuwa tumechelewa.